Viraka Themanini na Vinne

Sikualikwa. Nilisikia tu barabarani kwamba kwa Osmon wanakaanga maandazi tangu asubuhi, na kijijini kwetu, huku chini ya milima ya Alai, hakuna anayekaanga maandazi gunia zima kwa sababu ya njaa. Nikauliza nani anaoa. Wakaniambia anaolewa Burul. Burul wangu wa darasa la kumi, anayekaa dawati la mbele karibu na jiko! Niliacha chaki mezani, nikafunga skafu vibaya, nikaenda.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya ubao wa kukandia unga, lakini hakuwa anakanda. Mikono ilikuwa imelala tu juu ya unga. Nyuma yake alisimama Sonun, mke wa baba yake mkubwa, ameshika kitambaa cheupe cha kichwani, kile wanachofungwa mabibi harusi, na alikuwa amekikunja tayari kwa kufunga. Osmon, baba mkubwa mwenyewe, aliketi karibu na mlango, miguu ameitanua, kofia nyeupe ya sufu kichwani, kama mtu aliyekwisha kula harusi akabakiza kunawa tu. Pembeni Bibi Batma, mama yake Osmon na bibi yake Burul, alikuwa amejikunyata juu ya tandiko lake la viraka. Na kwenye nafasi ya heshima, na chai ikipoa mbele yake, alikaa Moldo Sadik, shehe wa kijiji.

"Mwalimu naye kafika," Osmon akasema. "Karibu. Maandazi hayajaiva."

"Sikuja kula," nikamjibu. "Huyu ana mtihani mwezi ujao."

"Mtihani wake umeingia leo."

Moldo Sadik akakohoa. Huyu mzee anaitwa Sadik, lakini sijamwona akisadiki kitu ambacho hajakihesabu kwa vidole vyake. Na siku ile alikuwa na hofu. Kila shehe wa nchi yetu anaijua sheria kwa moyo: ukimfungisha ndoa binti ambaye hajatimiza miaka kumi na minane, unafungwa wewe, wanafungwa na waliomtoa. Ndiyo maana chai ilikuwa inapoa.

"Nimesema na narudia," akasema. "Nionyesheni kwamba ametimiza, nitafungisha sasa hivi. Hajatimiza, sifungishi hata mkinichinjia farasi."

Na hapo ndipo palipokuwa na kisiki. Burul hana cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, kule juu Pamir, siku ya tufani, na mama yake akafariki saa ile ile. Baba yake naye hakukaa sana duniani. Nani angekumbuka kwenda ofisini? Shuleni tuliandika mwaka aliotutajia Osmon, ambao ungemfanya Burul awe na miaka kumi na saba. Sasa Osmon anasema siku ile alitaja kilichomjia mdomoni.

"Binti ana kumi na minane, tena na chenji," akasema. "Alizaliwa mwaka wa Kuku."

"Mwaka wa Mbwa," Bibi Batma akanong'ona. Kwetu kila mwaka una mnyama wake, na Mbwa anamfuata Kuku.

"Kuku, mama!"

"Mbwa."

"Basi!" Moldo Sadik akainua mkono. "Sikuja kufukuzanisha kuku na mbwa. Mama Batma, wewe ndiye uliyemlea. Nipe kitu cha kushika."

Bibi alimtazama mwanawe kwanza. Mwanamke yule anakula kwa mkono wa Osmon na analala chini ya dari ya Osmon, na kabla ya kusema hata habari ya mvua humtazama kwanza. Kisha akapapasa tandiko alilolikalia.

"Miaka ya ofisi siijui, shehe. Najua mambo mawili. Mimi namzidi huyu mtoto miaka arobaini na minane. Hilo nalijua kama jina langu. Na hili tandiko nimelishona mwezi uliopita, kiraka kimoja kwa kila mwaka wangu na kila mwaka wake. Viraka vyote hivi ni sisi wawili."

"Osmon, unakubali?"

Osmon akafikiri, akaona hakuna hatari. "Nakubali. Hiyo arobaini na minane anaiimba tangu zamani."

Wakalitandaza tandiko sakafuni. Moldo Sadik akahesabu viraka kwa kidole, mstari kwa mstari, Sonun akahesabu tena kutoka upande wa pili. Themanini na vinne. Wote wawili walipata hivyo hivyo, lakini hakuna aliyejua cha kufanya na themanini na nne.

Osmon akajitosa. "Rahisi! Themanini na nne toa arobaini na nane." Midomo ikacheza. "Thelathini na sita!"

"Thelathini na sita!" Sonun akapiga makofi. "Basi huyu ni dada yangu mkubwa. Shikamoo, dada!"

Hata mimi nilitaka kucheka, lakini nilimwona Burul. Alikuwa amenikazia macho. Nikafungua mdomo. "Si hivyo. Ni milinganyo miwili..."

"Mwalimu nyamaza!" Osmon akageuka. "Wewe ni wa upande wake. Utazungusha herufi zako mpaka atoke na miaka kumi."

"Basi aandike mwenyewe," Moldo Sadik akasema. "Hapa mbele yangu, hatua kwa hatua, nione kwa macho. Na Mwalimu akitia neno, anatoka nje. Ikija kumi na minane nafungisha. Ikija pungufu, naondoka. Mmeridhika?"

Osmon aliridhika haraka mno. Alikuwa na hakika ya mambo mawili: kwamba binti amepita umri, na kwamba binti hajui kitu. Wakwe walikuwa njiani. Mwenye kuposa alikuwa dereva wa lori, mtu mzima asiye na kelele, na sina neno naye ila kwamba hakupaswa kuwapo.

Burul akasawazisha unga kwa kiganja mpaka ubao ukawa mweupe wote. Akaandika kwa kidole: x ni mimi, y ni bibi. Chini yake akaandika mistari miwili.

x + y = 84

y = x + 48

Moyo wangu ukatulia kidogo. Umeshapata, mwanangu, nikasema kimoyomoyo. Y umeikamata, unajua ina thamani gani, sasa ibebe uipeleke mstari wa juu, uiweke mahali pa y. Njia ya kuweka badala, tumeifanya mwezi mzima, unaweza kuifanya usingizini.

Lakini hakuwa usingizini. Alikuwa na kitambaa cheupe nyuma ya shingo yake, na mfa maji haishi kutapatapa. Aliandika kwamba x ni y toa arobaini na nane, na hilo ni kweli, halafu, Mungu wangu, badala ya kuipeleka juu akairudisha pale pale ilikotoka, kwenye mstari wa pili.

y = y − 48 + 48

Akakata. Ikabaki: y = y.

"Inasemaje?" Moldo Sadik akauliza, ameinama mpaka ndevu zikagusa unga.

Osmon akachungulia.

"Y ni y? Na y si ndiye bibi?" Akajipiga paja. "Bibi ni bibi! Miaka kumi shuleni, viatu, madaftari, kuni za darasani, na leo ametuletea habari mpya: bibi ni bibi!"

"Tungemuuliza bibi mwenyewe," Sonun akasema, "angetuambia bure."

Walicheka mpaka Osmon akafuta machozi kwa kofia. Nilikuwa nawaka. Hilo kosa kila mwanafunzi hulifanya mara moja maishani, na mimi huwaambia: ukimuuliza mtu kama ni mkweli, ukarudi kumuuliza yeye yule yule, utapata jibu gani? Atasema ndiyo. Mpeleke kwa jirani. Hiyo ndiyo kazi ya mstari mwingine. Lakini pale nilikuwa nimefungwa mdomo, na nilichoweza kufanya ni kuuma ncha ya skafu yangu.

Burul alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondoka kwenye unga na kufanya madonge. Sonun akasogea na kile kitambaa. "Haya, imetosha. Inua kichwa, mama."

"Bado," Burul akasema. "Shehe, bado. Nimekosea mahali pa kuweka."

Moldo Sadik akatazama mlango, akatazama chai yake. "Mara moja tu."

Akafuta nusu ya chini. Safari hii aliandika polepole, na kila alama aliitamka kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Bibi ni mimi na arobaini na nane. Kwa hiyo hapa juu, mahali pa bibi, namweka yeye."

x + x + 48 = 84

"Mimi mara mbili, na arobaini na nane, ni themanini na nne. Naitoa arobaini na nane. Mimi mara mbili ni..."

Mimi nilikuwa nimeshafika kabla yake. Mara mbili yake ni thelathini na sita. Hesabu ilikuwa safi, haina doa, nisingeweza kukata hata alama moja.

"Endelea," Moldo Sadik akasema.

Kidole cha Burul kilikuwa juu ya unga. Angeweza kufuta, au kuandika tarakimu nyingine akajifanya amekosea tena. Niliona anafikiria, na ningekuwa mimi ningefanya, sioni haya kusema. Yeye aliandika.

x = 18

"Kumi na nane!" Osmon akaruka. "Kwa mkono wake mwenyewe! Shehe umeona? Mwalimu umeona? Asante kwa kumfundisha, Mungu akulipe, ningejua ningekuletea kondoo!"

Kitambaa kikashuka. Sonun alikifunga kwa haraka ya mtu anayefunga gunia, fundo chini ya kidevu, na Burul hakuinua mkono kumzuia. Uso wake ndani ya kile cheupe haukuwa na rangi. Nilihisi chuki, na sikuichagulia mtu: nilimchukia Osmon, nikamchukia shehe, na sijui kama sikuyachukia hata yale masomo yangu, ambayo yalikuwa kamba ya mwisho ya mtoto huyu na sasa yamemfunga.

Moldo Sadik akaanza kukunja mikono ya kanzu. "Basi itabidi apatikane shahidi wa pili..."

"Sijahakiki," Burul akasema.

"Nini?"

"Jibu lazima lihakikiwe. Mwalimu huondoa alama." Sauti ilikuwa kavu kabisa. "Mimi kumi na nane. Bibi, kumi na nane na arobaini na nane, sitini na sita. Jumla themanini na nne. Inakubali." Akainua macho. "Bibi, una miaka sitini na sita?"

Bibi Batma akapepesa macho. "Kwa nini nisiwe nayo?"

"Pasipoti ya bibi iko wapi?"

Hilo Osmon hakulitarajia. Pasipoti ya mama yake, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, hukaa mfukoni mwake, kwa kuwa ndiye anayekwenda kumchukulia pensheni, na kama nayo hufika yote kwa mama sijui, si kazi yangu. Alisema imepotea, akasema iko kwenye koti lingine. Moldo Sadik akanyoosha mkono na kuuacha hewani mpaka ikatoka.

Akaisoma kwa mbali kama wasomavyo wazee. Akahesabu kwa vidole, akarudia. "Sitini na mitano."

"Nipe hapa!" Osmon akaipokonya, akasoma, na badala ya kukasirika akatabasamu. Nilimwogopa zaidi alipotabasamu. "Sitini na mitano, sawa. Viraka ni themanini na vinne. Toa sitini na mitano." Safari hii alipatia. "Kumi na tisa! Ameongezeka mwaka tukiwa tumekaa hapa! Shehe, fungisha kabla hajazeeka."

"Lakini sitini na tano toa arobaini na nane ni kumi na saba," Burul akasema.

"Kumi na tisa!"

"Kumi na saba."

Moldo Sadik akashika kichwa. "Nilikuwa na umri mmoja, sasa nina mitatu. Kumi na saba, na nane, na tisa. Huyu binti ni mmoja au ni ukoo?"

Burul hakumsikia. Alikuwa ameliinamia tandiko, anapitisha mkono juu ya viraka, na midomo yake inasema namba. Nikaona anapoelekea. Kama bibi ana sitini na tano, na mjukuu ana kumi na saba, jumla ni themanini na mbili. Tandiko lina viraka viwili vya ziada. Kimoja cha bibi, kimoja cha mjukuu. Kila mtu ameongezewa mwaka mmoja, na mwaka wenyewe ni upi?

Wewe msomaji huenda unashangaa. Sisi tulioishi na wazee wa huku tungepaswa kujua tangu mwanzo, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka.

"Bibi," Burul akasema taratibu. "Ulipoanza kunihesabu, ulianzia wapi?"

Bibi Batma alimtazama Osmon. Osmon alimtazama mama yake, na mtazamo ule ulikuwa na kila kitu ndani yake: mkate, kitanda, majira ya baridi yanayokuja. Jiko la samadi likarusha cheche. Sonun akasema, "Mama amechoka, msimsumbue." Nikadhani yamekwisha. Mwanamke yule hakuwa amempinga mwanawe mbele za watu tangu niwajue.

Bibi akatambaa kwa magoti juu ya tandiko lake hadi kwenye pembe, akaweka kidole juu ya kiraka cha rangi ya zambarau kilichopauka.

"Hapa," akasema. "Hili ni gauni la mama yako. Alilivaa miezi yote aliyokubeba, maana mengine hayakumtosha. Mtu haanzi siku ya kutoka, mwanangu. Anaanza tumboni. Nilikukuta na mwaka mmoja tayari, nikakushonea. Mama yako aliishi na wewe mwaka huo tu, nitauachaje?" Kisha kidole kikahamia kiraka cheusi cha pembe ya pili. "Na huu ni wangu, wa tumbo la mama yangu."

Hakuna aliyecheka. Moldo Sadik alifunga macho. Hata yeye, shehe mzima, mama yake angekuwa hai angemhesabia hivyo hivyo.

Burul akafuta themanini na nne, akaandika themanini na mbili, akaweka badala kama nilivyomfundisha, na kumi na saba ikatokea. Akahakiki: sitini na tano, kama pasipoti. Kila mstari ulikubaliana na mwenzake.

"Kumi na saba," Moldo Sadik akasema, akateremsha mikono ya kanzu. "Sifungishi."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"Anatimiza lini?" Osmon akauliza. Hakuwa amepandisha sauti hata kidogo.

"Theluji ikianza kuyeyuka," bibi akajibu. Alipokwisha kusema kweli mara moja, hakujua namna ya kuacha.

"Basi tutangoja theluji iyeyuke. Nitawaambia wakwe tumeahirisha, hawajakosa. Shehe?"

"Akitimiza sina pingamizi."

Sonun akafungua fundo, akakikunja kitambaa vizuri, akakiweka sandukuni. Watu wakaanza kupumua. Osmon hata akamimina chai. Walikuwa wamepatana, unaona, na mimi niliyekaa pale nilielewa kwamba hesabu imemnunulia kipupwe kimoja, na masika yakifika itamgeuka, kwa sababu siku hiyo atakuwa na kumi na minane kweli kweli, kwa hesabu ya ofisi, na kwa ya bibi atakuwa amepita, na hakutakuwa na kiraka cha kupunguza.

Burul alikuwa amefika hapo hapo. "Mwalimu," akasema, "nikitimiza, nitaandika nini?"

Nimesimama mbele ya darasa nusu ya maisha yangu na sijawahi kukosa jibu. "Hakuna cha kuandika," nikamwambia. "Hapo hesabu imeisha."

"Umesikia?" Osmon akasema. "Mwalimu wako huyo."

Burul akaufuta unga wote kwa kiganja, akasimama.

"Sitaki," akasema.

"Hutaki nini?"

"Kuolewa. Leo sitaki. Theluji ikiyeyuka sitaki. Nikiwa na umri wa bibi, kwa huyo sitaki."

Kikombe cha Moldo Sadik kikagonga sahani. "Binti, mbona hukusema tangu nilipoingia? Ningekuwa nyumbani saa hizi!"

"Hukuniuliza, shehe. Uliuliza miaka."

Yule mzee alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Neno hilo ndilo la kwanza ambalo dini inamtaka amuulize bibi harusi, na hakuna aliyekuwa ameliuliza. Hata mimi, niliyekimbia njia nzima kumwokoa, sikuwa nimeliuliza.

Nje honi ya gari ikalia. Wakwe. Osmon akasimama, mkubwa kuliko mlango, na kwa sekunde nilidhani atampiga. Akaufungua mlango tu, upepo ukaingia.

"Huko ndiko waliko. Nenda ukawaambie mwenyewe, kwa mdomo huo huo."

Alikuwa na hakika atarudi kukaa. Burul akaangalia chini penye viatu. Vyake walikuwa wamevificha asubuhi ile ili asitoroke. Akavaa vya bibi yake, akatoka.